Bunduki ya Kuwindia Swala: Tazama Mnyama, Usitazame Kishindo

Leo sitazungumza juu ya jembe, mbegu wala mbolea. Nitazungumza juu ya chombo ambacho wenzetu wengi wanaolima kandokando ya mapori hutamani kuwa nacho, na ambacho wengine wameshaanza kukiwekea akiba ya fedha. Chombo hicho ni bunduki ya kuwindia wanyama wa jamii ya swala, pamoja na risasi zake.

Pengine mtu atauliza, "Bwana, haya yanaingiaje katika kipindi cha wakulima?" Yanaingia kwa sababu tatu. Ya kwanza ni fedha. Bunduki nzuri hununuliwa kwa magunia mengi ya mahindi, na ukikosea kuchagua hutairudisha dukani kama jembe lililopinda. Ya pili ni nyama. Mnyama aliyepigwa vibaya hafii mbele yako. Hukimbia, akaenda kufia kichakani siku ya pili au ya tatu, na anayefaidi ni fisi na tai. Wewe umepoteza risasi, umepoteza siku, na kiumbe cha watu kimeteseka bure. Ya tatu, nayo ndiyo kubwa kuliko zote, ni uhai wa binadamu. Ng'ambo ya kichaka kile kuna shamba la jirani, na mke wake yumo anapalilia.

Basi tusikilizane vizuri.

Kabla ya yote, sheria. Hapa Tanzania kuna vibali viwili, wala kimoja hakisimami mahali pa kingine. Kibali cha kumiliki silaha hutolewa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kinashughulikiwa na Polisi. Leseni ya kuwinda hutolewa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009. Leseni hii humtaja mnyama, idadi yake, na eneo la kuwindia. Mwenye bunduki halali lakini hana leseni ya kuwinda ni jangili kama majangili wengine. Sheria hiyo inakataza pia kuwinda usiku kwa kumulika taa, kupiga mnyama ukiwa ndani ya gari, kutega mitego na mashimo, kutumia sumu, na kutumia bunduki zinazojipiga zenyewe mfululizo. Kwa hiyo nenda kwanza kwa afisa wanyamapori wa wilaya yako. Muulize ni eneo gani limefunguliwa, msimu unaanza lini na kwisha lini, na ni wanyama gani wanaoruhusiwa. Ukisharudi na majibu hayo, ndipo uzungumze habari za bunduki.

Nawasikia wengine wakisema, "Mimi siwindi, nalinda maharage yangu." Ndugu yangu, sheria inamruhusu mtu kujitetea yeye na mali yake, lakini haimpi ruhusa ya kujitwalia kitoweo. Mnyama aliyeuawa kwa njia hiyo lazima atolewe taarifa mara moja, na nyama, ngozi na pembe zake ni mali ya Serikali. Kama tohe na pongo wanakumaliza shambani, peleka habari kwa uongozi wa kijiji na kwa afisa wanyamapori. Usilifanye shamba lako kuwa uwanja wa vita.

Tena si lazima kila kaya iwe na bunduki yake. Katika vijiji vya Namtumbo, kusini ya lililokuwa Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, mpango wa uhifadhi ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1980 ulivipa vijiji mgao wa wanyama wa kitoweo. Askari wanyamapori wa vijiji ndio waliowinda, na nyama ikauzwa kwa wanakijiji. Kanuni za mwaka 2002 zikafungua njia ya kuunda jumuiya za hifadhi za wanyamapori, kama ile ya Mbarang'andu. Hapo tunaona kwamba bunduki moja nzuri, mikononi mwa mtu mmoja aliyefundishwa, huweza kufaa kuliko bunduki kumi mbovu zilizotawanyika vijijini.

Haya, sasa tuje kwenye kuchagua.

Kosa la wanunuzi wengi ni kuuliza, "Ipi ina nguvu zaidi?" Hilo si swali la kwanza. Maswali ya kuuliza ni matatu. Utampiga mnyama gani? Utampiga kutoka umbali gani? Na bunduki itakaa kwenye bega la nani? Ukiyajibu hayo kwa ukweli, bunduki itajichagua yenyewe.

Tuanze na risasi, maana bunduki ni mwiko tu, risasi ndiyo inayopika. Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki iliyo kitakoni mwa ganda, baruti iliyo ndani, na kichwa kinachoruka. Kichwa ndicho kinachoua. Uzito wake hupimwa kwa greini. Greini 180 ni kama gramu 11.7 tu, nyepesi kuliko kijiko kitupu cha kulia. Kinachokipa kichwa hicho nguvu ni mwendo. Risasi iitwayo .30-06 hutoa kichwa cha greini 180 kwa mwendo wa mita 820 hivi kwa sekunde. Risasi ndogo ya .22 hutoa kichwa cha greini 40 kwa mwendo usiofika nusu ya huo. Ukipiga hesabu, nguvu ya ile ya kwanza ni mara 20 ya hii ya pili au zaidi. Ndiyo maana .22 ni bunduki ya kanga na sungura. Anayempiga swala kwa .22 anamtia kidonda.

Sasa mnyama. Jamii ya swala ni kubwa sana, na kosa ni kuwaweka wote katika kapu moja. Mimi nawagawa katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni wadogo: digidigi, paa, funo na nsya. Hawa wana uzito wa kilo 4 hadi 20. Huishi vichakani, na huonekana kwa karibu. Hapa bunduki ya marisau, ile ambayo wengi huiita shotigani, inatosha, ila usivuke mita 30. Zaidi ya hapo marisau hutawanyika, na mnyama huondoka na punje mbili tumboni.

Kundi la pili ni swala tomi, swala pala, pongo na tohe, wa kilo 20 hadi 80. Hawa ndio wengi wetu tunaowajua. Raifo ya .243 yenye kichwa cha greini 100, au ile ya Kijerumani ya milimita 7 kwa 57 yenye kichwa cha greini 140, huwaangusha vizuri bila kuharibu nyama nyingi. Lakini angalieni sana pongo dume. Kwa umbo ni mdogo, kwa moyo ni simba. Akijeruhiwa hujibanza kichakani na kumngoja mtu kwa pembe.

Kundi la tatu ni kongoni, nyamera, nyumbu, kuro, palahala, korongo na tandala mkubwa. Hawa huanzia kilo 100 na kupita 250. Mifupa ya bega ni minene na roho ni ngumu. Nyumbu hasa anajulikana kwa kukimbia mbali huku amepigwa. Hapa ndipo penye kazi ya .308 na .30-06, zenye kichwa cha greini 165 hadi 180. Ile .303 ya Waingereza, ambayo baadhi ya wazee bado wanayo, nayo inafaa kwa umbali wa kiasi, ikiwa mtutu wake haujaliwa na kutu.

Kundi la nne ni pofu peke yake. Dume la pofu huweza kupita kilo 700, uzito wa ng'ombe dume mkubwa wa maksai. Huyu afadhali apigwe kwa .375, yenye kichwa cha greini 270 au 300. Hiyo .375, iliyotoka mwaka 1912, ndiyo pia kipimo cha chini kinachotakiwa hapa nchini kwa wanyama wa hatari kama nyati.

Sasa mtu atasema, "Basi nitanunua .375, imalize makundi yote." Hapana, ndugu. Hapa ndipo linapokuja lile swali la tatu, bega la nani. Bunduki ya .375 husukuma bega karibu mara mbili ya .30-06. Mtu akishapigwa bega mara tatu, mara ya nne hufumba macho kabla ya kufyatua, na mkono humshtuka. Risasi inakwenda tumboni au mguuni. Wakati huo nguvu zote zile za .375 zimekuwa kazi bure. Risasi ya .243 ikitua moyoni inaua, na risasi ya .375 ikitua utumboni inatesa. Mwindaji wa Kiskoti aitwaye W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja huko Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, alijulikana kwa kuua ndovu wengi kwa risasi hii hii ya milimita 7. Sisemi mtu amwige. Sheria ya leo haimruhusu. Nasema tu kwamba alijua kila kichwa cha risasi kitatua wapi.

Kwa hiyo kama wewe au jumuiya yenu mna uwezo wa kununua bunduki moja tu, na leseni zenu ni za swala pala, kongoni na nyumbu, chukueni .308 au .30-06. Bega la mtu wa kawaida linaizoea baada ya mazoezi. Risasi zake hutengenezwa na viwanda vingi duniani. Kabla ya kulipa, hata hivyo, uliza dukani kama risasi za aina hiyo hupatikana mwaka mzima. Bunduki isiyo na risasi ni mchi usio na kinu.

Sikilizeni vizuri jambo hili la namba, maana limewahi kuumiza watu. Risasi ya .308 na ya .30-06 zina kichwa cha unene mmoja, lakini maganda yao si sawa. La kwanza lina urefu wa milimita 51, la pili milimita 63. Risasi fupi huweza kuingia katika bunduki ya risasi ndefu, na ukifyatua, ganda hupasuka na moshi wa moto kukurudia usoni. Namba iliyochongwa mtutuni na namba iliyochongwa kitakoni mwa ganda lazima zifanane, herufi kwa herufi. Zisipofanana, usitie. Asiyejua kusoma amwombe anayejua; hakuna aibu hapo.

Halafu kuna aina ya kichwa. Vichwa vigumu, vilivyofunikwa madini mpaka nchani, hupenya na kutoka upande wa pili na kuacha tundu dogo. Mnyama wa kadiri aliyepigwa hivyo hutembea mbali sana, na risasi iliyomtoka huendelea na safari yake. Vichwa laini, vyenye risasi ya kijivu inayoonekana nchani, hufunguka kama ua vinapoingia mwilini, na huua upesi. Kwa swala na jamii yake, chagua kichwa laini. Kwa wale wa kundi la tatu na pofu, taka kichwa laini kilicho kizito na kilichoshikamana vizuri, kisije kikapasukia juu ya mfupa wa bega. Na risasi za kijeshi usiziguse kabisa: kwanza si mali ya raia, pili ni za kichwa kigumu.

Ukienda kununua bunduki iliyokwisha kutumika, usishikwe na uzuri wa mti wake. Mwombe mwuzaji aitoe risasi zote, naye aifungue mbele yako. Tazama ndani ya mtutu ukiuelekeza kwenye mwanga. Mifereji yake iwe mikali na kung'aa. Ukiona vishimo vyeusi, hiyo ni kutu, na bunduki hiyo haitalenga. Tazama mtutu kwa nje kama una uvimbe. Tazama kitako kama kina ufa, hasa pale penye shingo nyembamba. Iweke begani: kama shingo yako inajikunja ili jicho lifike kwenye shabaha, bunduki hiyo si ya mwili wako. Jaribu kizuio cha usalama mara kadhaa. Kwa mkulima, raifo ya komeo, ile unayovuta kitasa nyuma na kukirudisha kila baada ya kupiga, ndiyo bora. Ni imara, hufunguka kwa urahisi kusafishwa, na vumbi haliisumbui upesi. Na magobore ya kujaziwa baruti kwa mdomo, yaliyofuliwa mafichoni, yaacheni. Hupasuka mkononi, na anayekutwa nalo bila kibali ana kesi.

Umeshainunua. Je, uende porini kesho? La hasha. Bunduki mpya ni kama ng'ombe mpya wa kulimia, lazima mzoeane. Mwombe afisa akuonyeshe uwanja halali wa kulengea shabaha. Weka ubao mita 100 mbele yako, yaani kama urefu wa uwanja wa mpira. Egemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, piga risasi tatu polepole. Zikikusanyika katika duara la kisahani cha kikombe, umefika. Zikitawanyika, usilaumu mnyama. Rekebisha shabaha, rudia tena. Na fahamu kwamba risasi huanguka jinsi inavyokwenda. Bunduki ya .30-06 iliyorekebishwa kwa mita 100, kichwa cha greini 180 huwa kimeshuka sentimita 10 hivi kikifika mita 200, na karibu nusu mita kikifika mita 300. Kifua cha swala pala hakina nafasi ya makosa hayo. Kwa hiyo mpaka wako uwe mita 150. Kama yuko mbali zaidi, nyata. Kama huwezi kunyata, mwache.

Mahali pa kupiga ni pamoja tu. Mngoje mnyama akupe ubavu. Fuata mguu wake wa mbele kwenda juu mpaka theluthi moja ya kifua, hapo ndipo penye moyo, na mapafu yapo juu yake kidogo. Usipige kichwa ili ujisifu, wala usimpige anayekimbia, wala aliyekupa mgongo. Usipige kundi lililosongamana, maana risasi ikipita kwa mmoja humjeruhi wa pili, na leseni yako ilisema mmoja.

Na sasa lile kubwa. Kichwa cha .30-06 kisipokutana na kitu huweza kuruka kilomita 4 au 5. Hata .22 yenu ile ndogo huweza kwenda zaidi ya kilomita moja. Kwa hiyo, kabla ya kufyatua, jiulize: nyuma ya mnyama huyu kuna nini? Kama kuna kilima au kingo ya udongo, sawa. Kama amesimama juu ya mgongo wa kilima na nyuma yake ni mbingu tupu, shusha bunduki. Upande wa pili kuna kijiji, kuna watoto wanatoka shule, kuna mchungaji na ng'ombe wake. Na usipige kamwe kichaka kinachotikisika. Kichaka hutikiswa na swala, na hutikiswa na mama anayechanja kuni.

Ukimpiga mnyama akakimbia, tulia kama nusu saa, weka alama pale aliposimama, kisha fuata damu polepole. Kumfuata ni wajibu wako. Risasi ya kwanza ndiyo iliyokufunga naye. Katika hesabu ya leseni, mnyama uliyemjeruhi muhesabu kama uliyemuua. Usiende kupiga mwingine huku yule anatapatapa porini. Ukishampata, mpasue upesi, utoe matumbo, nyama ipoe kivulini, na uandike kwenye leseni kama inavyotakiwa kabla hujaanza safari ya kurudi nyumbani.

Nyumbani, bunduki na risasi zisilale mahali pamoja. Kila kimoja kiwe ndani ya kufuli lake, na funguo akae nazo mwenye kibali mwenyewe. Mtoto hajui tofauti ya bunduki iliyo tupu na iliyojazwa, na wakubwa wengi pia hujidanganya hapo.

Kwa ufupi, ndugu wakulima: leseni kwanza, bunduki baadaye. Chagua risasi kwa mnyama, umbali na bega lako. Namba za mtutu na za ganda zifanane. Kichwa kiwe laini. Jizoeze mpaka mita 100 iwe kama kutia uzi katika sindano kubwa. Na kama moyo una shaka, kidole kisiguse kifyatulio. Swala aliyepona leo bado yuko porini mwaka kesho, na jirani yako naye bado yuko shambani kwake.

Wale mlio na maswali zaidi, muoneni afisa wanyamapori wa wilaya au bwana shamba wenu awaelekeze. Kwa leo naishia hapa. Kwaherini, na kazi njema.